Basi Lililopimwa kwa Vumbi

Siku yangu ya kwanza kiwandani nilipewa ufagio, na ninaanza na ufagio huo kwa sababu baadaye nusura unifukuzishe kazi. Nilikuwa nimefika Kitengela kutoka Mbooni nikiwa na watoto watatu na mume aliyeumia mgongo akichimba mawe. Niliambiwa kuna kiwanda kipya kinachounda mabodi ya mabasi na kwamba kinatafuta vibarua. Nikaenda kusimama langoni pamoja na wanaume wengi, mwanamke nikiwa peke yangu. Meneja alipita mbele yetu akikagua mikono ya kila mmoja, lakini alipofika kwangu hakutazama mikono.

"Mama, wewe unaweza fanya nini?" akaniuliza.

"Chochote chenye utanifundisha," nikamjibu.

Akacheka. "Basi anza na kufagia."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ninyi mnaoijua Kitengela ya magorofa na msongamano hamtaniamini, lakini wakati ule ilikuwa mstari mmoja wa maduka kando ya barabara ya Namanga, na nyuma ya maduka nyasi mpaka macho yachoke. Kiwanda chenyewe kilikuwa banda refu la mabati, lililo wazi pande mbili. Asubuhi nyingine tuliwakuta pundamilia wamejipanga kwenye ua, wakitutazama kana kwamba nao wanataka kuandikwa kazi. Watu walipaita Kwa Mabodi, na jina lilitosha, maana upande wetu hapakuwa na kiwanda kingine cha namna hiyo.

Kijana wa leo anaweza kudhani basi huzaliwa likiwa zima. La letu lilifika likiwa chasisi, yaani mifupa mitupu: injini, magurudumu, usukani, na mahali pa dereva kuketi. Aliyezileta chasisi hizo kutoka bandarini Mombasa ni Sankale, dereva wetu, Mmaasai wa upande wa Mashuuru. Aliendesha njia yote ile bila kioo mbele yake wala paa juu yake, amevaa miwani ya kusagia vyuma na shuka nyekundu juu ya ovaroli. Alipowasili meno yake yalikuwa na rangi ya barabara. Basi wachomeleaji wakajenga kiunzi cha vyuma juu ya ile mifupa, wapiga paneli wakakivisha mabati kwa ribiti, zile pini fupi zinazobanwa pande zote mbili, kisha wakaja watu wa mastiki, wa rangi na wa viti.

Mimi nilifagia. Na kwa kuwa sijawahi kufanya kazi nusu nusu, nilifagia kuliko nilivyoagizwa. Niliyemrithi ufagio alikuwa akifagia jioni tu. Nikaona kwamba saa ya chakula cha mchana sakafu imejaa vichwa vya ribiti na unga wa chuma, watu wanarudi kazini wanachomwa miguu. Nikaongeza mzunguko wa pili, baada ya chakula. Kwanza nilinyunyiza maji kwa mkono, kama mama anavyofanya kwenye ua wa udongo, ndipo nikafagia. Siku moja Meneja alisimama katikati ya banda akawaita watu wote.

"Angalieni hii sakafu," akasema. "Hapa mtu anaweza kulia ugali. Kuanzia leo, nani ako na ufagio, anafagia vile Ndinda anafagia."

Ikawa sheria. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea katikati ya barabara.

Baada ya mwaka hivi nilihamishiwa stoo chini ya Karani wa Stoo, mtu mfupi mwenye funguo nyingi na imani ndogo. Kwake hukupata kitu kipya bila kurudisha cha zamani. Ukitaka karatasi ya msasa, lete iliyochakaa. Ukitaka glavu, lete zilizotoboka, zote mbili. Wanaume walimtukana kimoyomoyo, lakini mimi nilimshukuru, maana kwa kupokea vilivyochakaa nilijifunza kila kitu kinavyokufa. Niliona ni bunduki zipi za mastiki hukwama, na kwa nini.

Mastiki ni gundi nyeusi, nzito, ya kuziba viungo. Inatiwa ndani ya kifaa chenye mdomo mwembamba na kitufe cha kubinya, ndiyo maana tuliita bunduki. Unapita nayo kwenye kila mahali bati linapokutana na bati: paa, madirisha, milango, hata sakafu. Kazi hiyo ikifanywa vizuri hakuna anayeiona. Ikifanywa vibaya, mvua inakutangaza.

Mtu wa mastiki alienda kwao Krismasi moja na hakurudi. Fundi Mkuu akabaki na basi lisiloweza kwenda kwa rangi. Alikuwa mtu wa Kangundo, mrefu, mwenye sauti ya kengele ya shule, na hakuwa na muda wa maneno matamu. Nikatoka stoo nikamwambia nitaifanya mimi.

"Mkono wa mwanamke utachoka kabla ya dirisha ya tatu," akasema.

"Fundi, hii mkono imebeba maji kutoka mtoni na mtoto mgongoni. Hiyo bunduki yako ni mchezo."

Wanaume wakapiga mbinja. Jioni nilikuwa nimemaliza madirisha na nusu ya paa. Fundi Mkuu akapanda ngazi, akapitisha kidole kwenye kila kiungo, akashuka bila neno. Kwake yeye kunyamaza kulikuwa cheti, na kesho yake nilikuta bunduki imewekwa juu ya meza yenye jina langu.

Hiyo ndiyo miaka niliyoipenda kuliko yote. Saa ya chakula tulikaa chini ya mabodi ambayo hayajaisha, kila mtu na chakula chake. Sisi watu wa Ukambani tulikuja na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Akina mama wa Kimaasai walileta maziwa langoni, na Sankale alikunywa huku akitutazama kwa huruma. Alisema muthokoi ni chakula cha watu waliokosa ng'ombe. Nikamwambia maziwa ni chakula cha watu waliokosa meno. Utani huo tuliurudia kwa miaka mingi na haukuchakaa, tofauti na kila kitu cha stoo.

Kabla basi halijakabidhiwa mwenyewe, liliogeshwa. Vibarua walipanda juu na ndoo, wakalimwagia maji paani na ubavuni, nami nilikaa ndani na tochi nikitafuta tone. Lilipoonekana tone, nilitia alama kwa chaki na kuziba upya. Mabasi yetu yakapata sifa. Watu walisema ndani ya basi la Kwa Mabodi hakuna haja ya koti.

Kisha ukaja ukame. Kisima cha kiwanda kikakauka, na maji ya kunywa yakawa yanaletwa kwa punda kwenye mitungi. Hakuna mtu mwenye akili angeyamwaga juu ya bati. Wakati huo huo tulikuwa tumeanza oda kubwa kuliko zote tulizowahi kupata, mabasi sita ya mteja mmoja wa Emali. Sisi tulimwita Mwenye Mabasi, na alikuwa mtu wa kofia, tumbo na maneno. La kwanza lilipokamilika tukaliachia liende bila kuoga. Nilisikia vibaya moyoni, lakini nilijua mkono wangu, nikajiambia halitavuja.

Kwetu tambarare mvua ilikataa, lakini vilima vya Makueni vikapata manyunyu mazuri. Haikupita wiki basi likarudi. Mwenye Mabasi aliliendesha yeye mwenyewe mpaka katikati ya banda, akazima, akashuka na mwavuli mkononi ingawa jua lilikuwa linachoma.

"Meneja!" akaita. "Mimi nilinunua basi. Sikununua bafu!"

Akaeleza mbele yetu wote jinsi abiria walivyofungua miavuli ndani ya gari, na jinsi mama mmoja alivyoteremka na kuku wake akisema afadhali mvua ya nje, kwa kuwa inajulikana inatoka wapi. Wengine wakacheka. Mimi sikucheka. Fundi Mkuu alinyoosha mkono na kuniashiria, na macho ya kiwanda kizima yakafuata ule mkono.

Mwenye Mabasi akatoa hukumu yake. "Basi ya pili mmalize. Lakini sitaichukua siku ya jua. Nitakuja siku mvua inanyesha, nikae ndani mimi mwenyewe. Tone moja tu ikiniangukia, napeleka chasisi yangu zote Thika."

Alipoondoka, akituachia basi lile lirekebishwe, Meneja aliniita pembeni. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulifanya maneno yawe mazito zaidi. "Ndinda, hakuna oda ingine baada ya hii. Hii ikienda, tunafunga hii banda, kila mtu aende nyumbani. Na Fundi Mkuu anasema wewe uende sasa, kabla ya hiyo basi ya pili. Mimi nimekupea hiyo moja. Usiniaibishe."

Niliogopa. Sitaki kujifanya shujaa mbele yenu. Nilijifungia chooni nikalia, nikafuta uso kwa tambara lenye mastiki, nikatoka na mstari mweusi shavuni. Watoto wangu watatu, mume wangu aliyekuwa bado hawezi kuinama, wote walikuwa wanakula kwa hiyo bunduki. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuelewa. Nilijua mkono wangu ulikuwa ule ule. Sasa maji yalipita wapi?

Nilipanda kwenye lile basi lililovuja nikalikagua siku nzima. Mastiki ilionekana nzuri, imejaa, imenyooka. Bila maji sikuweza kujua kasoro iko wapi, na maji hayakuwepo. Sankale akanikuta nimekaa kwenye ngazi ya mlango.

"Unangoja mvua?" akaniuliza.

"Nangoja kitu chochote chenye kinaweza kunionyesha shimo."

Akatema mate upande. "Maji inaweza kosa. Hii nchi yetu, vumbi haiwezi kosa. Na penye vumbi inaingia, maji si itaingia pia?"

Niseme ukweli hapa, kwa sababu baadaye sifa zilikuja kwangu: wazo lilikuwa la Sankale. Langu lilikuwa kitambaa. Nilisema vumbi likiingia litakaa kwenye sakafu na viti, na hatutajua lilipopita, ila tukifunika kila kitu kwa nguo nyeupe. Nguo nyeupe nyingi nilijua ziko wapi. Nilikuwa nafua vitambaa vya akina mama wa kanisa letu, vile vya kutandika meza na madhabahu, na wiki hiyo vilikuwa kwangu. Mungu anajua nilivichukua kwa nia njema. Mama Mwenyekiti wao hakuona hivyo.

Tukaomba ruhusa kwa Meneja. Akatutazama kama watu waliopigwa na jua, kisha akasema, "Endeni, lakini mrudishe basi." Nikavitandika vitambaa kwenye viti na kuvibandika kwa utepe chini ya kila dirisha. Tukapita Isinya, tukakunja kuelekea Mashuuru, na barabara ya murramu, isiyo na lami, ikatupokea. Vijana, vumbi la Mashuuru wakati wa ukame ni jekundu, na ni jepesi kama unga wa uji. Sankale alienda kwa kasi, akarudi, akageuka, akaenda tena kulifuata vumbi lake mwenyewe. Ng'ombe waliokonda walivuka barabara na mchungaji mzee akasimama kutuuliza kama tumepotea.

"Sopa," Sankale akamwamkia, na mzee akaitika, "Epa." Wakazungumza Kimaasai kidogo, kisha mzee akachungulia ndani, akaona vile vitambaa vyeupe, akatikisa kichwa.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema hajawahi ona watu wanabebea vumbi shuka."

Tulisimamisha gari kando ya barabara, nikaanza kuangalia. Kwenye vitambaa vile mistari myekundu ilikuwa imejichora wazi, chini ya kila dirisha la upande wa kushoto, na kwenye kiungo cha paa. Nilikuwa na ramani ya kila tundu. Nikachukua kisu nikaanza kuing'oa mastiki mahali pa mstari wa kwanza. Ilinyanyuka yote kwa mkupuo mmoja, kama ganda la ndizi. Mastiki iliyoshika bati haing'oki hivyo. Nikaigeuza nikaona upande wa chini.

Ulikuwa na vumbi. Lakini halikuwa jekundu. Lilikuwa la kijivu kilichokolea, vumbi la udongo mweusi wa Kitengela, na ndani yake chembe za chuma zinazong'aa.

"Sankale," nikasema, "hii si vumbi ya barabara. Hii tulitoka nayo nyumbani."

Niliketi pale kando ya barabara na ganda la mastiki mkononi, na jambo lote likajipanga. Asubuhi wapiga paneli hufunga mabati. Mchana watu hula. Baada ya chakula sakafu hufagiwa, kisha mimi huanza mastiki. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Lakini zamani tulinyunyiza maji kabla ya kufagia. Kisima kilipokauka tulipoteza maji ya namna mbili, ya kuogeshea mabasi na ya kunyunyizia sakafu, na sisi tuliona upungufu wa yale ya kwanza tu. Kwa hiyo kila siku baada ya chakula kijana wa ufagio alitimua vumbi kavu, upepo wa mchana unaoingia kwenye lile banda wazi ukalipaka juu ya mabati, na nusu saa baadaye nikaja mimi na bunduki nikabandika mastiki yangu nzuri juu ya vumbi. Ilishika vumbi. Bati haikuligusa.

Na ufagio wa baada ya chakula nani aliuanzisha? Mimi. Kwa juhudi yangu, na sifa nikapewa mbele ya kiwanda chote.

Nilicheka mpaka Sankale akafikiri jua limenipata kweli.

Kurudi kiwandani na kusema haya hakukuwa rahisi. Fundi Mkuu ndiye aliyepanga ratiba ya kazi, na ratiba yake ilikuwa kwake kama Amri Kumi. Nilimwonyesha lile ganda mbele ya Meneja. Nikasema makosa ni yangu kwa ufagio, lakini dawa yake iko kwenye ratiba. Nikaomba mambo mawili: pasifagiwe kabisa mpaka mastiki ikauke, na mastiki ianze alfajiri, kabla upepo wa Kitengela haujaamka, ambao kwa kawaida huamka saa nne.

"Kazi iko na mpangilio," Fundi Mkuu akasema. "Paneli, chakula, ufagio, mastiki. Siwezi acha banda chafu kwa sababu ya bunduki ya mama mmoja."

"Fundi," nikamwambia, "wewe unataka sakafu ya kulia ugali ama basi ya kukaa kama mvua inanyesha?"

Meneja alilishika lile ganda akaligeuza mara mbili, akalipitishia kidole. Kidole kikawa cha kijivu. "Hii basi ya pili," akasema, "fanya vile Ndinda anasema. Ikivuja, nitawafukuza nyote wawili, halafu nijifukuze."

Wiki hiyo niliingia kazini nyota zikiwa zinafifia. Nilipangusa kila kiungo kwa tambara lenye tina, kile kimiminika cha kuondoa mafuta na uchafu, nikangoja kikauke, ndipo nikabinya. Vidole vilikufa ganzi kwa baridi, maana tambarare ile asubuhi haina huruma. Saa nne upepo ulipoanza kupiga mabati, niliweka bunduki chini na sikuigusa tena mpaka kesho yake. Ufagio ulisimama ukutani. Takataka zikaongezeka mpaka Fundi Mkuu akawa anapita ameangalia juu.

Basi lilipokamilika tulilipeleka tena barabara ya Mashuuru, na vitambaa vile vile, nilivyokuwa nimevifua mara nne bila mafanikio kamili. Sankale alilitesa gari lile kwenye kila shimo. Tuliposimama nilishindwa kuingia. Sankale akaingia yeye, akakaa sana, akatoka akiwa ameshika kitambaa kimoja na kukikunjua mbele yangu. Hakikuwa na mstari hata mmoja mpya. Nilikipiga busu pale pale barabarani.

Kilichobaki ni mvua. Basi lilisimama uani likiwa tayari, jipya, buluu na nyeupe, na kila siku tulitazama upande wa Ngong kama kuna wingu. Watu walianza kuniuliza mimi habari za hali ya anga, kana kwamba nilikuwa na ufunguo wake. Siku zikapita. Halafu alasiri moja mbingu ikawa nyeusi kuanzia upande wa Kajiado, upepo ukaleta harufu ya udongo, na matone ya kwanza yakapiga mabati kwa sauti ya mawe. Tulipiga vigelegele. Mvua ilikuwa haijafikisha nusu saa Mwenye Mabasi akatokea langoni, kofia yake inatiririka. Kumbe alikuwa amelala Kitengela tangu juzi, ametega masikio kama sisi.

Alipanda ndani ya basi peke yake akaketi kiti cha nyuma, mikono kifuani. Sisi tukabaki ndani ya banda tukimwangalia kupitia vioo. Hapo ndipo jambo ambalo hakuna aliyelipanga likatokea. Banda letu lilikuwa halijaona mvua kwa muda mrefu, na jua lilikuwa limekausha na kulegeza misumari yake yote. Likaanza kuvuja. Kwanza juu ya meza ya rangi, kisha juu ya stoo, Karani akawa anakimbia na mabeseni. Halafu likavuja kila mahali. Maji yalituingia shingoni. Meneja alijifunika kwa faili zake mwenyewe.

Mlango wa basi ukafunguka. "Nyinyi watu!" Mwenye Mabasi akaita. "Ingieni hapa kwangu, mtakufa na maji!"

Tukaingia wote. Wachomeleaji, wapiga paneli, watu wa rangi, Karani na mabeseni yake, Sankale na shuka iliyolowa, Meneja, na mwisho kabisa Fundi Mkuu. Tulijaa viti, tukajaa njia ya katikati, mvuke ukapanda kwenye vioo. Nje mvua ilipiga paa kwa hasira zote ilizokuwa imeziweka. Ndani kiwanda kizima kilikuwa kikavu. Mwenye Mabasi alisimama, akatoa leso yake nyeupe akapitisha kwenye kila kiungo cha dirisha na cha paa, huku watu wakimpisha. Akaiangalia leso. Akaikunja akairudisha mfukoni.

"Sasa hii," akasema, "ni basi. Hizo zingine nne nitaleta chasisi wiki ijayo."

Kelele zilizopigwa mle ndani sijawahi kuzisikia tena maishani mwangu. Nililia tena, na safari hii sikujificha. Fundi Mkuu alikuwa amebanwa karibu nami, hana pa kukimbilia. Alikohoa, akaangalia paa.

"Ndinda," akasema, "hiyo maneno ya ufagio, uiandike kwa ubao, na rangi, herufi kubwa. Na kesho unaanza saa ngapi? Nataka wapiga paneli wajue."

Niliandika mimi mwenyewe, kwa elimu yangu ya darasa la saba: HAKUNA KUFAGIA KABLA YA MASTIKI. Ubao ule ulikaa ukutani muda mrefu kuliko wengi wetu.

Yaliyofuata nitayapita haraka, maana furaha haina hadithi ndefu. Mabasi ya Emali yakazaa oda nyingine, mabasi ya shule, ya mahospitali, ya watu wa Namanga na Loitokitok. Banda likajengewa kuta. Nilifanywa Mkaguzi, cheo cha kutia sahihi kabla gari halijatoka, na wanaume walioniuliza kama mkono wangu utachoka wakawa wanangoja sahihi ya mkono huo huo. Fundi Mkuu alistaafu kabla yangu. Alinikabidhi nyundo yake ndogo ya kupimia paneli, akasema tu, "Usiiharibu." Akina mama wa kanisa niliwanunulia vitambaa vipya, na vile vyekundu nikabaki navyo kazini.

Miaka ya elfu mbili walikuja vijana waliosoma, na chumba cha kuogeshea magari chenye mabomba pande zote. Wakasema safari ya vumbi sasa ni ya kizamani. Niliwapinga, na mniwie radhi nikirudia hoja yangu kwenu. Maji ya bomba hulipata basi likiwa limesimama. Vumbi hulipata likitembea, likitikisika, na huingia kutoka chini na nyuma ambako mvua haifiki. Gari likikabiliana na Mashuuru na kubaki safi, linaweza kwenda popote. Wakakubali kufanya yote mawili, nafikiri ili ninyamaze.

Nilistaafu nikiwa na afya, na nyumba yangu Isinya ambayo paa lake nililiziba mwenyewe, alfajiri. Mume wangu huketi chini yake mvua ikinyesha akisema yuko ndani ya basi. Watoto wote watatu walisoma. Sankale alirudi kwa ng'ombe zake, na tunapokutana bado ananiuliza kama meno yangu yameisha nianze kunywa maziwa. Kama nina neno kwa wanaoanza kazi leo, ni hili: kosa lako kubwa linaweza kuwa limejificha ndani ya kile ulichosifiwa. Ukilipata, liseme wewe mwenyewe kabla halijasemwa na mvua.

Miaka michache baada ya kustaafu nilipita kiwandani kuwasalimia watu. Langoni nilimkuta kijana mlinzi, mgeni kabisa.

"Takwenya, koko," akaniamkia kwa Kimaasai kama bibi yake, akaniinamishia kichwa nikiguse.

"Iko," nikaitika. "Mkaguzi yuko?"

"Ametoka. Kuna basi mpya, wameipeleka Ndinda."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Ndinda ni wapi?"

"Koko, wewe si mtu wa hapa?" Akanyoosha kidole upande wa kusini. "Ni huko barabara ya Mashuuru, penye kuna vumbi mingi. Kila gari lazima iende Ndinda kwanza ndio iachiliwe. Hata sasa wakati maji iko."

"Na nani alipaita hivyo?"

"Hata sijui. Mimi ni mtu wa Rombo, nimeandikwa juzi. Nilipata inaitwa tu hivyo." Akaniletea kiti kutoka kibanda chake, akakipangusa vumbi kwa mkono. "Keti hapa, koko. Haitakawia."

Nilitaka kumwambia jina langu, kisha nikaacha. Nikaketi, nikaweka kiondo changu magotini, nikangoja basi lirudi kutoka Ndinda.